Tana River na Vita Visivyoitwa Vita

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa basi hufika Minjila, pale njia panda ya Garsen, ambapo barabara hugawanyika mara mbili. Moja huelekea kaskazini, Hola hadi Garissa. Ya pili hukata upande wa mashariki, ikapita Gamba na Witu mpaka Mokowe, ambako mtu huteremka akapanda mashua kuvuka maji hadi kisiwani. Kwa miaka mingi basi lililoshika njia hii ya pili halikuachwa liende peke yake. Lilingoja wenzake, msafara ukapangwa, askari wenye bunduki wakakabidhiwa kazi ya kuulinda. Abiria wenyewe wakauita eskoti, na neno hilo likazoeleka vinywani mwao kama vile nauli na mzigo.

Ajabu ni kwamba eskoti hiyo si ya jana wala juzi. Ilikuwako katika miaka ya 1990, kabla mtu yeyote katika nchi hii hajalisikia jina la Al-Shabaab. Wakati ule waliovizia magari msituni waliitwa majambazi. Katika miaka ya 1960 walioogopewa katika sehemu hizo hizo waliitwa mashifta. Leo wanaitwa magaidi. Jina la adui limebadilika mara mbili, na serikali zimebadilika zaidi ya mara hizo, lakini abiria wa Garsen amebaki ni yule yule, ameshika mzigo wake magotini na kuyaombea dua magurudumu.

Katika safu hii ya leo nataka kueleza jambo moja ambalo viongozi wetu hawapendi kulisikia. Tangu nchi hii ipate uhuru, Serikali imepigana vita mara kadhaa katika Tana River na wilaya jirani, na mara zote imekataa kuvitambua kuwa ni vita. Imeviita hatua za kurejesha utulivu, imeviita msako, na siku hizi imeviita operesheni. Watu wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya maneno tu. Sivyo. Kitu kisichoitwa vita hakihitaji idhini ya Bunge, hakihesabiwi maiti wake, hakina siku ya kwisha, wala hakina wa kuulizwa.

Tuanzie mwanzoni. Tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya bendera kupandishwa, Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya wale waliotaka mkoa huo ujiunge na Somalia. Kufikia mwaka wa 1966 zilitungwa kanuni maalum ambazo hazikuishia katika mkoa huo, bali ziliongeza wilaya nne zilizopakana nao: Isiolo, Marsabit, Lamu na Tana River. Kanuni hizo ziliwapa maofisa mamlaka makubwa ya kukamata, kuzuilia watu na kufunga maeneo. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, na mifugo mingi ikapotea. Wabajuni wa bara ya kaskazini mwa Lamu walihama vijiji vyao, na baadhi ya vijiji hivyo, kama Rubu na Mvundeni, vikabaki magofu.

Mapigano hayo yalikomeshwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini mjini Arusha tarehe 28 Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi baina ya Kenya na Somalia. Mtu mwenye akili timamu angetarajia kwamba baada ya suluhu, sheria za hatari zingefutwa. Zilifutwa mwaka wa 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Garsen siku ya suluhu alifika umri wa miaka 24, pengine akaoa na kuzaa, akiwa bado anaishi chini ya kanuni za vita ambavyo Serikali ilidai havikuwa vita bali wizi wa mashifta.

Wala haikutosha hivyo. Mwaka wa 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa Serikali na askari wasishtakiwe kwa matendo yao katika Kaskazini Mashariki na wilaya zile nne, kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Tana River imetajwa humo kwa jina. Hapa ndipo ninapomuuliza msomaji: ikiwa waliopigwa walikuwa wezi tu, na ikiwa askari walitenda kwa mujibu wa sheria, kulikuwa na haja gani ya kutunga sheria nyingine ya kuwasamehe? Mtu asiyekula mhogo wa jirani hafukii maganda yake usiku.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya Bunge akaomba radhi kwa niaba ya Serikali yake na zote zilizotangulia kwa dhuluma zilizotendwa, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Lilikuwa tendo la heshima, na mwenye haki hulikiri. Lakini radhi haina uzito ikiwa mwenye kuiomba hatoi pesa alizoahidi, wala hawezi kumwonyesha mjane wa Tana River mlango wa ofisi ambako atapokewa. Na ni wakati gani radhi hiyo iliombwa? Iliombwa wakati ambapo vita vingine visivyoitwa vita vilikuwa vikiendelea katika pwani hiyo hiyo.

Vita hivyo vilianza mwezi wa Oktoba 2011. Watalii walikuwa wametekwa nyara katika fuo za Lamu, na wafanyakazi wawili wa kutoa misaada, raia wa Uhispania, walikuwa wametekwa Dadaab. Tarehe 15 Oktoba, Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, na Waziri wa Ulinzi, Bw. Yusuf Haji, walitangaza kwamba Kenya itamfuata adui popote alipo. Kesho yake jeshi likavuka mpaka. Operesheni hiyo ikapewa jina la Linda Nchi.

Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, inasema katika kifungu cha 240 kwamba Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 132 kinasema Rais anaweza kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Hatua hiyo haikuitwa vita. Ikasemwa kwamba ni haki ya kujitetea chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Bunge likakuta askari wamekwisha vuka. Wabunge waliokuwa wameapa kuilinda Katiba hiyo mpya walipiga makofi.

Sisemi kwamba adui hakuwako. Al-Shabaab ni wauaji, na damu ya watu wasio na hatia iliyomwagwa Westgate mwaka wa 2013, na ya watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, haiwezi kuoshwa na hoja yoyote. Ninachouliza ni hiki: jina Linda Nchi lilikuwa na maana gani kwa mkazi wa Garsen?

Tuangalie kalenda ya mwaka mmoja tu, 2012. Tarehe 22 Agosti, alfajiri, kijiji cha Riketa katika Delta ya Tana kilivamiwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba kijiji cha Kilelengwani kilivamiwa, watu 38 wakauawa, miongoni mwao askari polisi. Mwisho wa mwezi huo huo wa Septemba, majeshi yetu yaliingia Kismayu, na taifa zima likashangilia. Tarehe 21 Desemba kijiji cha Kipao kikavamiwa, na karibu watu 40 wakauawa. Kwa hiyo katika majuma yale ambayo Serikali ilionyesha kwamba inaweza kuuteka mji wa bandari katika nchi ya kigeni, kwa meli na ndege, haikuweza kuwazuia vijana wenye mapanga, mishale na bunduki chache wasivuke mashamba ya mpunga kwenda kuchoma nyumba za jirani zao.

Si kwamba Serikali haikujua. Wapokomo ambao ni wakulima, na Waorma na Wardei ambao ni wafugaji, walikuwa wamekwisha pigana mwaka wa 2001 na watu zaidi ya 100 wakafa. Sababu ilijulikana: nani ana haki ya ukingo wa mto, na mifugo itapita wapi kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Wenyeji wengi hawakuwa na hati za ardhi. Ilhali mwaka wa 2008, wakati wenyeji wakiambiwa wasubiri, kibali kilitolewa kwa mradi wa miwa wa hekta zipatazo 20,000 katika Delta hiyo, na mwaka huo huo yakazuka mazungumzo ya kuipatia Qatar hekta 40,000. Ardhi ya kuwapa wageni ilipatikana haraka, lakini njia ya ng'ombe kwenda mtoni haikupatikana. Miradi hiyo haikufika mbali, lakini hofu iliyoletwa nayo ilibaki, na mtu mwenye hofu ya kunyang'anywa humtazama jirani yake kama mwizi.

Baada ya Kilelengwani, Rais Mwai Kibaki alitangaza amri ya kutotoka nje usiku na askari wengi wakamwagwa katika Delta. Tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Hata hivyo walikuwako Kilelengwani wakati wa mazishi, ilhali walihitajika kabla ya mazishi. Na leo, ni wakazi wangapi wa Riketa au Kipao wanaoweza kutuambia tume hiyo ilipendekeza nini, na lipi limetekelezwa?

Sasa tuje kwenye unafiki wenyewe. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, na kwa siku mbili katika mji huo na vijiji vya karibu waliuawa zaidi ya watu 60. Al-Shabaab wakajitokeza wakasema ni wao. Rais Kenyatta akalihutubia taifa, akasema si Al-Shabaab bali ni mitandao ya kisiasa ya hapa nchini. Gavana wa Lamu wa wakati huo, Bw. Issa Timamy, akakamatwa; baadaye akaachiwa, na mwaka wa 2022 wapiga kura wa Lamu wakamrudisha ofisini. Mwanzoni mwa Julai 2014, majuma matatu hivi baada ya Mpeketoni, kituo cha polisi cha Gamba, mwendo mfupi tu kutoka Garsen, kikashambuliwa usiku mmoja na soko la Hindi huko Lamu. Polisi waliuawa ndani ya kituo chao wenyewe, na mahabusu wakatolewa.

Msomaji, pima maneno haya mawili. Jeshi letu lilipoingia Somalia, tuliambiwa kwamba adui ni mkubwa, ni wa kimataifa, na lazima tumfuate kwake asije kwetu. Adui huyo alipokuja kwetu, tuliambiwa si yeye, ni siasa za mitaani. Kauli zote mbili zilitoka Serikalini. Kauli ya kwanza ilihalalisha vita, na ya pili ilikwepa aibu ya vita. Aliyekufa Gamba hakupewa hata heshima ya kutajwa kwamba aliuawa na nani.

Wala wapinzani wasidhani kwamba kalamu hii imewasahau. Bw. Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu katika Serikali iliyopeleka jeshi mwaka wa 2011. Mwezi wa Julai 2014, akiwa nje ya Serikali, mkutano wake wa Saba Saba katika uwanja wa Uhuru Park ulidai jeshi hilo lirudishwe nyumbani. Pengine madai hayo yalikuwa ya haki. Lakini swali la haki huulizwa pia na mtu aliyeko mezani, si yule aliyekwisha ondolewa mezani peke yake. Nao waliokuwa mawaziri pamoja naye mwaka wa 2011 walimwita msaliti kwa kusema mwaka wa 2014 jambo ambalo wao wenyewe hawakuthubutu kulijadili hadharani hata siku moja.

Mwezi wa Septemba 2015 ikatangazwa operesheni nyingine, Linda Boni, ya kuwafurusha magaidi kutoka msitu wa Boni unaopakana na Lamu, Garissa na Tana River. Ilisemwa kwamba ingechukua siku 90. Siku 90 zilikwisha, miaka ikapita, mabomu ya kutegwa barabarani yakaendelea kuua askari na raia, na hatimaye operesheni ikapewa jina jipya la Amani Boni. Katika wadi ya Basuba, shule za Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na watoto wa Waboni wakakaa miaka bila mwalimu. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, katika barabara ile ile ya eskoti, na watu wakauawa. Ukimuuliza afisa, siku 90 zile zilihesabiwa kwa kalenda gani, atakujibu kwamba mambo ya usalama hayajadiliwi hadharani.

Na mambo ya maiti je, nayo hayajadiliwi? Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa. Hao walikuwa vijana wa Kenya, wana wa maskini kwa wengi wao. Serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Rais wa Somalia, Bw. Hassan Sheikh Mohamud, alitaja katika mahojiano ya televisheni idadi ya karibu 200, nasi tukakana bila ya kutoa idadi yetu. Taifa linaloficha hesabu ya mashujaa wake halimfichi adui, maana adui alikuwako na alihesabu. Linawaficha wapiga kura.

Wapo watakaosema kwamba ninawavunja moyo askari wetu. La hasha. Askari anayesimama Gamba usiku wa manane, akiumwa na mbu wa Delta, mbali na mke na watoto, ni mmoja wa watu wachache ambao Serikali imewapeleka huko kwa dhati. Anayevunjwa moyo ni yeye anapotumwa bila kuambiwa kazi yake itakwisha lini, na anapokufa jina lake likafichwa ili mkubwa asiaibike. Wapo pia watakaosema kwamba siri ni silaha ya vita. Ni kweli kwa mipango ya kesho. Si kweli kwa maiti wa jana, wala kwa ahadi ya siku 90 iliyovunjwa.

Tabia hii haijatuacha. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwapeleka polisi wetu Haiti ni kinyume cha Katiba. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo kikosi cha kwanza cha polisi 400 kilitua Port-au-Prince, na siku iyo hiyo, huku vijana wakipigwa risasi mbele ya Bunge jijini Nairobi, jeshi likaitwa barabarani, na idhini ya Wabunge ikatafutwa baadaye. Ni mwendo ule ule wa Oktoba 2011: kwanza mguu, halafu sheria. Mkulima wa Idsowe au Ngao anayeambiwa kila mwaka kwamba polisi hawatoshi ana haki ya kuuliza walitoka wapi wale wa Haiti.

Nini kifanywe? Sidai miujiza. Kwanza, sheria ile ya mwaka 1970 ya kuwakinga waliotenda maovu ifutwe waziwazi, ili radhi ya mwaka 2015 ipate miguu ya kutembea. Pili, kila operesheni iletwe mbele ya Bunge ikiwa na muda wake, na muda ukiisha Waziri aje aeleze kilichofanyika kabla ya kuomba mwingine. Tatu, waliokufa wahesabiwe na watajwe, wawe wamekufa El Adde au Riketa, kwa maana mama wa askari na mama wa mfugaji hulia kwa sauti moja. Nne, hati za ardhi na njia za mifugo katika Delta zipangwe na wenyeji wenyewe, Wapokomo na Waorma, Wardei na wengineo, kabla ya mwekezaji yeyote hajaonyeshwa ramani. Hili la nne halihitaji bunduki hata moja, na pengine ndiyo sababu halipendwi na wenye kutoa amri.

Siku moja basi litaondoka Minjila bila kungoja wenzake. Dereva atawasha gari, utingo ataufunga mlango, na hapana askari atakayepanda. Siku hiyo haitaletwa na jina jipya la operesheni. Italetwa na Serikali itakayokubali kuviita vita kwa jina lake, ikavihesabu, ikavimaliza, kisha ikamwambia mkazi wa Garsen ukweli. Mpaka hapo, abiria ataendelea kushika mzigo wake magotini, na viongozi wetu wataendelea kupita juu yake kwa helikopta wakienda kuzika.